Barua Analamba Ukuta

Barua, nilimwita hivyo kwa ile alama nyeupe
ya bahasha kwenye paji la uso,
amekula shati la Kibiwott.
Kola, vifungo, jasho la wiki nzima.
Nililivuta, akavuta, tukabaki
kila mmoja na mkono wake.

Majani yapo. Hilo ndilo linalonichoma.
Kutoka kwetu hadi reli ya Rongai
majani yamefika magotini,
na yeye anasimama katikati ya karamu
akitafuna mfupa wa mbuzi wa Krismasi
kama mtoto atafunavyo kalamu ya mtihani.
Usiku namsikia: shwa, shwa,
ulimi kwenye ukuta wa jikoni.
Udongo umeliwa hadi fito zinachungulia.

Simcheki.
Nilipokuwa na mimba ya Jelimo
nilificha odowa kwenye sidiria,
vipande vya shilingi kumi kutoka sokoni,
nikavivunja kwa magego kanisani wakati wa maombi,
kra,
na mchungaji akafungua jicho moja.
Nesi wa Kampi ya Moto hakunikaripia.
Alivuta kope langu chini, akaangalia,
akaandika vidonge vya damu, miezi mitatu.
"Mwili hauombi kwa maneno," akasema,
akaita anayefuata.

Basi leo niko dukani kwa Mwenda, mbele ya rafu.
Kopo, mfuko, tofali jekundu, tofali jeupe,
na kila mfuko una fahali anayeng'aa
ambaye hajawahi kuonana na kupe.
Mkono wangu umeshakwenda kwenye bei ya chini.

"Hiyo ni chumvi na rangi," Mwenda ananiambia.
"Chukua huu. Geuza, soma mgongo."
Nausoma kama hati ya shamba:
kalsiamu, fosforasi, zinki, shaba,
kobalti, kwa herufi za sisimizi.
Anaweka kidole hapo mwisho.
"Hii hapa. Kidogo tu, haijai hata ukucha,
lakini udongo wa huku umeikosa.
Zamani walowezi walizika ndama
waliokonda ndani ya malisho mabichi,
ugonjwa wakaupa jina la mji wetu."

Nchi hii nayo.
Kisima chetu kimetupa meno ya kahawia,
mimi na dada zangu, tunacheka mkono mdomoni.
Huku chini panazidi kile, panapungua hiki,
na hakuna aliyetuuliza tunataka kipi.

Namuuliza bei. Ananiuliza,
"Kondoo unao?"
Watano, wanalishwa pamoja.
Anautoa mfuko mikononi mwangu
taratibu, kama anayempokonya mtoto kisu.
"Shaba ya ng'ombe ni sumu ya kondoo.
Hafi leo. Inakaa kwenye ini, inangoja.
Halafu asubuhi moja
unakuta mkojo mweusi na kondoo amelala."

Juni mwaka jana. Kondoo wawili.
Mkojo kama strungi.
Na tofali la ng'ombe, la bei ya chini, chini ya pua zao,
nililiweka mimi.
Nilisema ni jicho la Tabutany, jirani yangu.
Nilimsema kisimani, nikamsema kwenye chama,
sikumsalimu hadi leo,
naye ndoo nilizomsahaulia huko
alizirudisha kwa mtoto, zimeoshwa.

Nimenunua miwili. Wa ng'ombe utakaa
kwenye hori la juu, kondoo hafikii;
wa kondoo hauna shaba, tumesoma mara mbili.
Chenji imetosha sukari nusu kilo.
Barua atangoja, ukuta bado upo.

Nimesimama langoni kwa Tabutany,
mifuko kichwani, sukari mkononi.
Mbwa wake ananijua, hata habweki.
Mdomo umenikauka,
ulimi unapapasa meno,
unatafuta pa kuanzia.